Idi Pili Darasani kwa Madamu

Ole wako umtakie Madamu sikukuu njema. Angekutazama juu ya miwani, akuulize, "Njema ya nani?" na ungebaki umesimama na heri zako hujui uziweke wapi. Huyo ndiye aliyetufundisha sikukuu zote za Bujumbura katika miaka ambayo watu wazima walikuwa wamekubaliana kwamba hakuna cha kusherehekea. Nyumbani kwake Musaga hakuwahi kupika pilau wala kupamba ukuta. Siku ya Noeli, akitoka misa, alilala mpaka alasiri. Mtoto wa jirani aliyebisha hodi kumletea mandazi alifukuzwa, ila mandazi yalipokelewa.

Tulimwita Madamu, kama wanafunzi wote wa mji wetu wanavyowaita walimu wa kike, na jina lake nitaliacha lilipo. Sitasema pia alizaliwa kilima gani wala baba yake alikuwa nani. Kwetu, mtu akikuuliza kilima na baba, mara nyingi anataka kujua kama wewe ni Mhutu au Mtutsi, na anayesoma hapa akitafuta jibu hilo kuhusu Madamu atachoka bure. Alikuwa Mkristo, alikuwa mfupi, alipenda ndagala wa kukaanga, dagaa wa ziwa letu, kiasi cha kuwala darasani akidhani hatumwoni. Hayo yanatosha.

Shule yetu ilikuwa Buyenzi, mtaa wa Waswahili, wa mafundi gereji na wauza vitambaa, ambako Waislamu ni wengi na lugha ya barabarani ni Kiswahili chetu kile cha kukata. Vita vilipoanza walimu wengi walikimbia, wengine Uvira, wengine mbali zaidi. Aliyebaki alipewa watoto wote wasio na mwalimu. Ndivyo Madamu alivyojikuta na darasa la kwanza, la tatu na la tano katika chumba kimoja, wadogo mbele, wa kati katikati, sisi wakubwa nyuma. Mtu mwingine angelia. Yeye alisema, "Sasa nitafundisha kitu kimoja, kila mutu achukue saizi yake." Kitu hicho kilikuwa sikukuu.

Nitaeleza alivyofanya, maana nami ni mwalimu sasa na bado namwibia. Noeli ikikaribia, darasa la kwanza walikata nyota kwenye mifuko ya simenti, kisha wakazihesabu kwa makundi. Darasa la tatu walipiga hesabu za safari ya Yosefu na Mariamu: punda anakwenda kiasi gani kwa siku, atafika lini, na akichoka njiani je? Sisi wa darasa la tano tulipewa kazi ya kuandika. "Mwenye nyumba ya wageni amesema nafasi hakuna," Madamu alisema. "Andika unamujibu nini." Wakati huo hakukuwa na nyumba Buyenzi isiyokuwa na watu waliokimbia mitaa yao, wamelala kwenye mikeka mpaka barazani. Tuliandika kwa hasira. Wengine waliandika upande wa mwenye nyumba, wakamtetea vizuri sana, na Madamu aliwapa alama sawa na sisi.

Siku ya Uhuru, wadogo walipaka bendera rangi. Wa kati walipiga midundo ya ngoma juu ya madawati wakijifunza hesabu za mafungu. Wakubwa walibishana mpaka mate yakawatoka, uhuru ni wa nani hasa, na kama mtu asiyeweza kuvuka barabara kwenda kwa bibi yake anaruhusiwa kuusherehekea. Madamu alitutazama tu akitafuna.

Lakini sheria yake kubwa, iliyomletea maneno mji mzima, ilikuwa hii: sikukuu hufundishwa na wasio wenyewe. Noeli iliandaliwa na watoto Waislamu. Idi iliandaliwa na Wakristo. Mwenye sikukuu alikaa kitako akawa mgeni. "Ukifundisha fete yako utajisifu," alisema. "Ukifundisha ya mwenzako, itabidi ukamuulize." Na kweli, tulikwenda kuuliza. Wiki nzima kabla ya sikukuu utaona watoto wanaingia nyumba zisizo zao na madaftari, wanawahoji mama wa watu jikoni. Mwaka mmoja Bikira Maria wetu alikuwa rafiki yangu Mwajuma. Mama yake alikubali kwa sharti moja, mtoto asivue mtandio wake. Madamu akamjibu, "Maama, huo mutandio ndio ulifanya nimuchague." Shehe wa mtaa alilalamika, katekista naye akalalamika. Madamu aliwakaribisha wote wawili darasani, akawaketisha benchi moja la darasa la kwanza, magoti yakigusa videvu, na wakakata nyota.

Msidhani alikuwa mama mpole. Sipendi watu wanaomkumbuka kwa sauti laini, kana kwamba aliyekufundisha vitani lazima awe mtakatifu. Alifinya masikio. Alinipa jina la Kichwa cha Ndagala na nikalibeba mwaka mzima. Hakusifu kazi ya mtu: ukifanya vizuri sana alisema, "Haya," na ukifanya vibaya alisema, "Haya?" Ilibidi usikilize sauti. Aliwachukia watu waliochelewa, hata kama walichelewa kwa sababu ya risasi.

Na risasi zilikuwapo. Kulikuwa na siku ambazo vijana wa magenge waliamuru mji ufe: maduka yafungwe, magari yasitembee, mtu asitoke. Waliziba barabara kwa mawe na magurudumu yanayowaka. Siku hizo Madamu alitembea kwa miguu kutoka Musaga hadi Buyenzi, mkoba begani, akipita katikati ya wale vijana akiwauliza kama mama zao wanajua walipo. Mara moja alirushiwa jiwe. Aliingia darasani na damu kwenye nyusi, akauliza kwa nini madaftari hayajafunguliwa. Darasa la kwanza walianza kulia. Akawaambia wahesabu matone yaliyoko sakafuni, wakahesabu wakilia hivyo hivyo.

Serikali nayo alikuwa na namna yake ya kuijibu. Inspekta alishuka siku moja kutoka ofisi za Kigobe, mtu mwenye tai na jasho, akamkuta Madamu anafundisha Pasaka kwa safu tatu, mayai ya kuchora kila mahali. Akasema mambo hayo hayamo katika programu.

"Ni kweli, Bwana Inspekteri," Madamu alisema. "Na vita iko ukurasa gani wa programu? Nimetafuta sijaona."

Inspekta akasema anaweza kumhamisha.

"Unihamishe wapi? Kama kuko mahali hakuna vita, nihamishe leo. Nitabeba na batoto."

Yule mtu akafuta jasho, akarudi kwenye gari lake akapanda zake Kiriri, mtaa wa wakubwa kule mlimani, kula. Hatukumwona tena. Tulicheka kwa siku nyingi, na Madamu alitukataza kucheka, akasema yule bwana ana watoto na anaogopa kama sisi.

Sasa nifike kwenye Idi. Watu wa Buyenzi wanaisimulia vibaya, na nimechoka kuwasahihisha mmoja mmoja.

Mimi si wa Buyenzi kwa asili. Mama na mimi tulikimbia Kamenge, kaskazini mwa mji, mtaa wetu ulipochomwa. Tulipokewa na shangazi yangu aliyekuwa ameolewa na Muislamu fundi magari. Darasani kwa Madamu tulikuwa watoto kadhaa wa Kamenge, wote Wakristo, na kila mtu alijua. Kuwa mtoto wa Kamenge miaka ile kulitosha kukuua. Magenge yalisema Kamenge ni ya waasi, basi na watoto wake ni waasi. Waswahili wa Buyenzi waliachwa kidogo. Vijana wale waliwahesabu kama watu wa pembeni, wasio wa huku wala huko.

Madamu alifundisha Idi siku ya Idi pili, kwa sababu nguo zinakuwa zimeshavaliwa na mama hawagombi. Watoto Waislamu walituazima sisi Wakristo nguo zao za jana, kanzu, kofia, magauni, mitandio, na wao wakaja na sare za shule kama wageni. Nilivaa gauni la njano la Mwajuma, lenye mafuta ya pilau kwenye mkono. Darasa la kwanza walikuwa wanagawa tende, moja kwako moja kwangu. Darasa la tatu walipima mchele wa zaka ya fitri, familia ngapi zipate vibaba vingapi. Mimi nilikuwa ubaoni naeleza mwezi: kwa nini Ujiji wanauona na sisi hatujauona.

Mlango ukasukumwa. Lilikuwa kundi la vijana, na kiongozi wao alikuwa na gruneti mkandani, kijana mrefu mwenye uso mzuri. Hilo la uso mzuri liliniudhi na linaniudhi mpaka leo.

"Madamu, tunataka bale batoto ba Kamenge."

Madamu hakuinuka kwenye kiti. "Mi niko na somo," akasema. "Ukitaka, ingia ukae. Ukiwa na haraka, uende."

"Tunajua banasoma hapa."

"Hapa banasoma batoto. Tunafundisha Idi. Funga mulango, vumbi inaingia."

Nasema alivyosema, neno kwa neno, kwa sababu watu wanapenda kuongeza. Hakusema uongo. Hakusema sisi ni Waislamu. Hakusema Kamenge hakuna mtu. Aliendelea kukaa.

Yule kijana akaingia. Akawatazama waliovaa kanzu na mitandio, akawapita. Akasimama kwa mmoja wa waliovaa sare. "We jina lako nani?"

"Yusufu."

"Wa wapi?"

"Wa hapa. Baba anauza mikate pale kona. Jana ulikuya kununua."

Vijana wengine wakacheka. Kiongozi hakucheka. Akageuka ubaoni, akanikazia macho mimi na chaki yangu, na nikajua kwamba amenishuku. Sijui ni nini alichoona. Labda mtandio nilivyoufunga.

"We mwalimu mudogo," akaniambia. "Mawingu yakifunika mwezi, munafanya nini?"

Nilikuwa nimeliuliza swali hilo jikoni kwa mama yake Mwajuma siku mbili mfululizo, kwa sababu Madamu hakukubali jibu la kukisia.

"Tunakamilisha siku thelathini, kaka," nikasema. "Halafu tunakula Idi. Haina haja ya kuona."

Akaniangalia. Akawaangalia wenzake. "Hawa bote ni Waswahili," akasema, na wakatoka. Mmoja wao alichukua tende mbili mezani kwa darasa la kwanza, na mtoto aliyekuwa akigawa akaanza kuhesabu upya.

Madamu akaenda kufunga mlango mwenyewe. Akanigeukia. Mikono yake aliificha nyuma.

"Sauti ilikuwa ndogo," akasema. "Safu ya nyuma hawakusikia. Rudia."

Nikarudia. Nikamchukia kwa kunirudisha, na nikarudia.

Watu wa Buyenzi husema Madamu alituficha ndani ya kanzu. Ukimwambia hivyo alikuwa anawaka. "Mi sikuficha mutu," alisema. "Nilikuwa nafundisha Idi. Mwaka uliopita nilifundisha Idi vilevile, na hakuna mutu alikuya." Alitukanwa kwa mambo mengi maishani mwake, lakini hakuna lililomkera kama sifa hiyo. Aliona inamfanya mjanja, na inaifanya sikukuu kuwa koti la kujificha.

Ubishi huu haukuwa wa maneno tu. Kesho yake mama aliniamsha, akanifunga mtandio, akaniambia tangu leo naitwa Zainabu. Tulifika shuleni, Madamu akiwa mlangoni.

"Idi imeisha," akasema.

"Madamu, hii nguo imeokoa mutoto wangu."

"Nguo haikuokoa mutu. Alijua somo."

"Basi mi nataka abaki hivi. Mpaka vita iishe."

"Maama, sikia. Kama moyo wake unataka Uislamu, mupeleke kwa shehe, na siku hiyo mi ndiye nitapiga vigelegele vya kwanza. Lakini kama ni woga ndiyo unamuvalisha, darasani kwangu apana. Ukimufundisha kuchukua dini ya watu kama mwavuli, kesho atachukua kitu gani? Hapa anakaa na jina lake."

Mama yangu, ambaye hakuwahi kumpandishia mtu mzima sauti, akapiga kelele mbele ya shule nzima. "Unataka afe juu ya kiburi yako! Wewe huna mutoto! Ungekuwa nayo ungejua!"

Ilikuwa kweli kwamba Madamu hakuwa na mtoto. Akasema, "Ni kweli, mi sijui," akasogea kutupisha, lakini njia aliyotupisha ilikuwa ya kwenda nje. Mama akanishika mkono tukaondoka.

Nani alikuwa na haki? Nimeulizwa na wanangu, na jibu langu linabadilika. Nikiwa mama nasimama na mama. Mtoto hai na jina la kuazima ni bora kuliko mtoto marehemu na jina lake kamili, na mtu yeyote anayesema vingine hajawahi kufunga mtandio asubuhi akiwa na mikono baridi. Nikiwa mwalimu nasimama mlangoni na Madamu. Siku nyingine nasimama katikati nawakasirikia wote wawili, na zaidi yao wale vijana waliotulazimisha kuchagua, halafu sisi tukabaki tunagombana wenyewe kwa wenyewe kana kwamba ubaya ulikuwa wetu.

Nilikaa nyumbani kwa shangazi miezi kadhaa. Nilifua, nilichambua mchele, nilimsikiliza Mwajuma akinihadithia masomo jioni. Nilichogundua ni kwamba naona wivu. Asubuhi moja nilivaa sare, nikatoka kichwa wazi, bila kumwambia mama, nikaenda na jina langu. Njia ni fupi na nilitembea katikati yake. Madamu alinitazama juu ya miwani.

"Umechelewa," akasema, na akanisogezea chaki.

Miaka ikaenda. Nilisomea ualimu, nikapangiwa shule ya Kamenge, mtaa wangu mwenyewe, uliokuwa umeanza kujengwa upya. Barabara moja tu inautenganisha na Ngagara, na kila mtu Bujumbura anajua kwamba katika miaka ile barabara ile ilikuwa mpaka: huku walioitwa waasi, kule magenge. Watoto wa ng'ambo walianza kuja shuleni kwetu wachache wachache. Vita vilikuwa vinakaribia kwisha kwa namna ya vita vyetu: wakubwa wanatia saini huko nje, na makombora bado yanashuka kutoka milimani. Noeli ilipokaribia, mkurugenzi wa shule aliniita. Alikuwa mtu mwema, nasema kwa dhati. Aliniambia nifanye sikukuu yangu, lakini kwa siku mbili: watoto wa Kamenge siku yao, wa Ngagara siku yao. "Ni kwa usalama wao," akasema. "Kitu kikitokea wamechanganyika, nani atajibu?"

Nikapanda Musaga kwa Madamu, na ukweli nilipanda nikitumaini ataniambia nikubali.

Alikuwa amestaafu, amekonda, miguu imevimba, ameiweka juu ya kiti. Hakuniuliza habari za safari. Nilimweleza. Akasikiliza macho yamefumbwa, nikadhani amelala.

"Madamu," nikasema, "siku ile ya Idi. Ulijua watatuacha?"

"Nijue na nini?"

"Na kama wangetuchukua?"

Akafumbua macho. "Wangewachukua, watu wangeniita muuaji. Mama yako angeniita muuaji mpaka kaburini, na angekuwa na haki. Unafikiri sijawahi kuliwaza hilo? Kila siku ya Mungu."

"Na ungefundisha tena mwaka uliofuata?"

"Ningefundisha. Kwa machozi, lakini ningefundisha." Akashusha mguu mmoja chini kwa mikono miwili, akashusha na wa pili, akakaa wima. "Sikiliza, mwanangu. Bale vijana hawakujua nani ni nani. Uliona? Ilibidi waulize. Walikuya mlangoni kwangu ili mi niwapangie: hawa huku, hawa kule. Hiyo tu ndiyo walitaka kwangu. Sasa we direkteri wako anakuomba uwapange mwenyewe, mapema, kwa upole, na maua ya karatasi juu yake. Ukishawapanga we, wao watakuya kufanya nini tena? Kazi itakuwa imeisha."

Kwa mbali, upande wa milima, kulisikika mlio, na wote wawili tulingoja ufuatiwe na mwingine.

"Unaogopa?" akaniuliza.

"Sana."

"Mi vilevile, siku zote. Batoto ba ng'ambo watakuya?"

"Sijui, Madamu. Labda hawatakuja hata mmoja."

"Bawekee mabenchi," akasema.

Niliporudi nilifanya siku moja, kwa wote. Asubuhi hiyo nilipanga mabenchi ya watoto wote walioandikishwa, wa huku na wa ng'ambo, wamechanganywa. Kamenge walikuja wote. Ngagara walikuja baadhi, wameshikana mikono, wakakaa. Wasiofika waliacha benchi moja tupu katikati ya chumba, na chumba kilikuwa kidogo, wadogo wakisongamana kando yake. Mkurugenzi akaingia, akaliona, akaniambia kwa sauti ya chini niliondoe, linatia watu huzuni na nafasi ni finyu.

Niliogopa. Nikakunja mikono nyuma ili asiione.

"Apana, Bwana Direkteri," nikamwambia, kwa sauti iliyofika safu ya nyuma. "Lina wenyewe."